Mchezaji, Askari, Mwalimu

Tarehe 16 Oktoba 1964, jijini Tokyo, Wilson Kiprugut wa Kericho alimaliza wa tatu katika fainali ya mita 800. Mbele yake walikuwa Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Nyuma yake hatua moja alikuwa George Kerr wa Jamaika, aliyeandikiwa muda uleule wa dakika 1 na sekunde 45.9, lakini akarudi kwao mikono mitupu. Kenya ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja tangu ipate uhuru. Shaba ile ilikuwa medali ya kwanza ya Mkenya katika Olimpiki, na ndiyo pekee tuliyorudi nayo mwaka huo.

Hakulipwa kwa kukimbia. Sheria za michezo ya ridhaa zilizotawala Olimpiki wakati ule hazikumruhusu mwanariadha kupokea ujira wowote kwa ajili ya mbio zake. Kiprugut alikuwa askari, na mshahara aliokula ulikuwa wa uaskari.

Hapa Roret, katika kaunti ya Kericho, tunamtaja kama shujaa wa jirani, mtoto wa nchi hii ya chai aliyetangulia kabla ya wengine wote. Mimi nimezoea kumtazama pia kwa jicho jingine. Namwona kuwa mmoja wa ukoo mrefu wa watu waliocheza bila malipo, wakavaa sare, na wengi wao wakaishia kuwa walimu. Ukoo huo haukuanzia Kericho. Ulianzia Uingereza ya Malkia Victoria, ukaja kwetu pamoja na bunduki na reli, na ukageuka sura ulipofika kwenye vilima hivi. Kuufuatilia ni kujua tunadaiwa nini na nani, na deni lenyewe linalipwaje.

Katika miaka ya 1860, mjini Chatham, kusini mashariki mwa Uingereza, palikuwa na shule ya wahandisi wa jeshi. Maafisa wa shule hiyo waliunda timu ya kandanda, Royal Engineers. Aliyeisimamia kuliko wote alikuwa Francis Marindin, mwanajeshi aliyepigana vita vya Crimea, ambaye baadaye aliongoza Chama cha Soka cha Uingereza tangu 1874 hadi 1890. Timu nyingi za zama zile zilicheza kwa mtindo wa kila mtu na mpira wake: mchezaji anaukokota mpaka anyang'anywe. Wahandisi wale walikuwa miongoni mwa wa kwanza kucheza kwa kupeana pasi na kwa kila mtu kujua mahali pake. Lilikuwa somo la darasani lililohamia uwanjani: daraja halijengwi na mtu mmoja, na bao nalo vivyo hivyo.

Tarehe 16 Machi 1872 walicheza fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la FA dhidi ya Wanderers, katika uwanja wa Kennington Oval, London. Dakika za mwanzo tu, Luteni Edmund Creswell alivunjika mfupa wa mtulinga. Wakati huo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Creswell alibaki uwanjani mpaka kipenga cha mwisho, na timu yake ikafungwa bao moja kwa bila. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1875, Royal Engineers walilichukua kombe hilo. Creswell hakulipwa hata senti kwa maumivu yale. Alibaki kwa sababu wenzake walikuwa bado wanacheza.

Huo ndio uzuri wa ridhaa, nami siudharau. Lakini uzuri huo ulikuwa umezungushiwa ua. Mwaka 1866 ilipoundwa klabu ya riadha ya ridhaa jijini London, kanuni zake ziliwazuia mafundi, wafanyakazi wa mikono na vibarua wasihesabiwe kuwa wachezaji wa ridhaa, hata kama hawajawahi kupokea zawadi ya fedha maishani mwao. Hoja ya ujira ilikuwa kisingizio. Shabaha ilikuwa tabaka. Mwenye shamba na urithi angeweza kutumia siku nzima uwanjani na bado akala usiku. Kibarua akicheza siku nzima, watoto wake wanalala na njaa. Ndiyo maana timu za viwandani, kaskazini mwa Uingereza, zilidai haki ya kulipwa, na mwaka 1885 Chama cha Soka kikakubali. Katika riadha na katika Olimpiki kanuni ya ridhaa ilidumu karibu miaka mia zaidi.

Jeshi la Victoria lilikuwa likijifunza jambo jingine sambamba na hilo. Vita vya Crimea vilikuwa vimeonyesha udhaifu wa askari waliokusanywa mitaani, dhaifu wa mwili na wengi wao wasiojua kusoma. Walimu wa jeshi wenye cheo chao rasmi walikuwa wameanzishwa tangu miaka ya 1840 kuwafundisha askari na watoto wao hesabu na kusoma. Kisha mwaka 1860 jeshi lilichagua askari 12 wenye vyeo vya chini, likawapeleka Oxford kwa Archibald Maclaren, mwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo. Walirudi wakiwa wakufunzi, na hao 12 ndio mbegu ya ukufunzi wa viungo katika jeshi lote la Uingereza. Ikawa desturi: aliyekuwa hodari uwanjani akipanda umri hupewa kikosi cha vijana awafundishe. Mchezaji hakustaafu, alibadilishiwa kazi.

Watu hao hao ndio waliokuja kwetu. Kati ya 1891 na 1892, Kapteni James Macdonald wa Royal Engineers, kikosi kile kile cha akina Marindin na Creswell, alipima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, ikipita kaskazini mwa nchi ya Wakipsigis, wenyeji wa Kericho, kwenye stesheni waliyoiita Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Mwaka 1905 ukaja msafara wa kijeshi wa Waingereza dhidi ya Sotik, na watu wa upande huu wakajua kwa damu maana ya kutawaliwa. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 za Kericho kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani, ili wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa katika muda wa miaka michache. Ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Iliingia mikononi mwa makampuni, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay walikuwa wanapanda chai.

Nayasema haya waziwazi kwa sababu historia ya mchezo katika nchi hii haiwezi kutengwa na historia ya ardhi. Mpira ulifika Kericho ukiwa mkononi mwa mtu aliyekuwa ameshika na ramani. Viwanja vya kandanda vilichongwa katikati ya mashamba ya chai, karibu na nyumba za wafanyakazi, na vijana waliochuma majani siku sita walicheza ya saba, baadhi yao juu ya ardhi ambako babu zao walilisha ng'ombe. Walicheza kwa moyo wote, na hilo halifuti dhuluma ya ardhi, kama vile dhuluma ya ardhi haiwezi kuifuta furaha yao.

Wala tusidhani kwamba hawa wageni ndio waliotufundisha kwamba mwili na akili hufunzwa pamoja. Wakipsigis walikuwa na jando lao na marika yao. Kijana aliwekwa chini ya walimu waliomtangulia, akafundishwa uvumilivu, heshima, historia ya ukoo na namna ya kulinda watu na mifugo. Aliyepita humo alidaiwa kuwafunza wanaomfuata. Kwa hiyo mtoto wa Kericho alipoingia jeshini na kukuta sajini anayemfundisha kukimbia, kutii na kusoma, hakukuta jambo geni. Alikuta mfumo aliokwisha kuujua, uliovaa kofia nyingine.

King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, liliwapenda vijana wa Bonde la Ufa. Wakoloni walikuwa na nadharia yao kwamba makabila fulani yamezaliwa kupigana, na Wakalenjin, ambao Wakipsigis ni sehemu yao, pamoja na Wakamba waliwekwa juu katika orodha hiyo. Nadharia ilikuwa ya uongo, lakini ilifungua mlango wa kambi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, maelfu walivuka bahari. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikashuka bonde la Kabaw katika mvua na matope hadi mto Chindwin. Katika vita hivyo jeshi lilitambua tena lile lililotambuliwa wakati wa Crimea, kwamba askari asiyejua kusoma wala kujua kwa nini yuko mahali alipo hawezi kutegemewa muda mrefu. Kikaundwa kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika Mashariki, na Waafrika waliosoma, wengi wao walimu wa shule za misheni, wakavishwa sare na kupewa vyeo ili wawafundishe wenzao.

Hawa ndio ninaowafikiria kuliko wote, kwa sababu majina yao hayamo katika kombe lolote. Mwalimu wa jeshi alifungua darasa chini ya mti au ndani ya hema. Alifundisha kusoma na kuandika kwa Kiswahili, hesabu, na Kiingereza kidogo. Aliwasomea askari magazeti yaliyochapwa kwa ajili yao, kama Askari na Heshima, akaeleza ramani, akaandika barua za wale ambao hawajajua kushika kalamu. Jioni alipanga mechi. Robert Kakembo wa Uganda, mwalimu aliyeingia jeshini wakati wa vita hivyo, aliandika kijitabu kilichotoka mwaka 1946, An African Soldier Speaks, akieleza yale ambayo askari Mwafrika aliyaona na anayoyatarajia baada ya vita. Serikali ilitaka askari wajue kusoma amri. Mtu akishajua kusoma amri, anasoma na mengine. Waliporudi vijijini hawakukubali tena kuambiwa kwamba shule ni ya watoto wa machifu tu.

Upande wa shule za kawaida palikuwa na mtu mwingine wa ukoo huu huu. Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897, Malkia Victoria akiwa bado kwenye kiti. Alikuwa afisa wa mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha mwalimu wa hisabati Cambridge. Mwaka 1928 aliacha yote hayo akaja kuwa mwalimu mkuu wa Maseno, siyo mbali na hapa kuelekea kaskazini magharibi, na kutoka 1940 hadi 1962 akaongoza Alliance High School pale Kikuyu. Alipenda kandanda, na uwanja kwake ulikuwa sehemu ya darasa. Alikuwa mkali, na katika siasa hakuelewana na wengi wa wanafunzi wake waliodai uhuru. Hata hivyo, alipostaafu Alliance hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, mashariki mwa Nairobi, mwalimu wa kawaida miongoni mwa walimu, mpaka alipofariki mwaka 1966. Mtu anaweza kukataa siasa zake na bado akaheshimu kwamba aliyeongoza shule yenye sifa kuliko zote nchini alirudi kushika chaki.

Sasa nirudi kwa Kiprugut. Alizaliwa mwaka 1938 na kusoma katika shule za Kericho kabla ya kuingia jeshini. Katika nusu fainali ya Tokyo, yeye na Kerr walimaliza kwa dakika 1 na sekunde 46.1, rekodi mpya ya Olimpiki kabla ya fainali kuivunja. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya kwanza ya Afrika nzima huko Brazzaville, alishinda mita 400 na mita 800. Mwaka 1966 alipata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston. Kisha Oktoba 1968, katika hewa nyembamba ya jiji la Mexico, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, alitoka mbele tangu mwanzo na kuwaburuta wenzake kwa kasi ya kutisha. Ralph Doubell wa Australia alimpita kwenye mita za mwisho, na ilimbidi Doubell aifikie rekodi ya dunia, dakika 1 na sekunde 44.3, ndipo ampite. Kiprugut alirudi na medali ya fedha. Kenya ilirudi na medali tisa, tatu kati yake za dhahabu. Kipchoge Keino, mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika polisi, alishinda mita 1,500. Naftali Temu, askari, alishinda mita 10,000.

Tazama walikotoka: jeshi, polisi, jeshi. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Bwana wa Kiingereza wa mwaka 1872 aliweza kucheza bila malipo kwa sababu alikuwa na shamba la kumlisha. Kijana wa Kericho wa mwaka 1960 hakuwa na shamba la namna hiyo, na sehemu ya ardhi ambayo ingemlisha ilikuwa imepandwa chai ya kampuni. Kambi ndiyo iliyokuwa shamba lake. Kambini alipata chakula cha uhakika, viatu, saa za mazoezi, na mkufunzi. Kanuni iliyotungwa ili imfungie nje mtu wa jembe na nyundo ilivukwa na watoto wa wafugaji na wakulima kwa kupitia lango la kambi, na wakawashinda wenye kanuni mbele ya macho ya dunia.

Lakini waliilipa gharama. Katika miaka ya 1980 kanuni ya ridhaa ilipoanza kulegezwa katika riadha, wale wa kwanza walikuwa wameshazeeka kimichezo. Vijana waliokuja baada yao walijenga nyumba, wakanunua mashamba, wakasomesha ndugu zao kwa fedha za marathoni, na wamestahili kila shilingi. Kiprugut alikuwa amewafungulia mlango ambao yeye mwenyewe hakupitia. Aliishi miaka yake ya baadaye huku nyumbani Kericho, na akafariki tarehe 1 Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 84. Alizikwa kwa heshima, kama ilivyostahili. Hata hivyo ninaamini heshima ya kaburini ni nusu ya deni, tena nusu iliyo rahisi.

Nusu ya pili ni kufundisha. Ukiupanga ukoo huu wote mstari mmoja, kutoka kwa wale wakufunzi 12 wa Oxford hadi kwa mwalimu wa jeshi katika hema la Burma, kutoka Maseno hadi uwanja wa polisi, utaona kwamba kilichodumu si kombe wala nishani. Makombe ya wakati ule leo yako kabatini. Kilichodumu ni ile desturi kwamba mtu aliyekwenda mbali kwa miguu yake hana budi kurudi na kusimama mbele ya wadogo. Kila mahali Kenya ilipopata mabingwa, ukichimba kidogo unakuta mwalimu. Colm O'Connell alifika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia, wala hakuwa mkufunzi wa riadha. Mikononi mwake wamepita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012. Hewa ya Iten ilikuwapo tangu zamani. Mwalimu alipofika, hewa ikazaa matunda.

Hewa ya Roret ni njema pia. Vilima tunavyo, mvua tunayo, maziwa tunayo, na watoto wanaokwenda shule kwa mbio asubuhi wapo kila barabara ya kwenda kituo cha kununulia majani. Tulichopungukiwa ni mtu wa kusimama nao. Katika shule nyingi za vijijini kipindi cha michezo ni kile kinachokatwa kwanza mtihani ukikaribia. Uwanja upo, lakini umeinama upande mmoja na nyasi hufyekwa siku ya wageni. Mwenye kujua kufundisha mpira au mbio hufanya hivyo kwa hisani yake, baada ya kuchuma chai yake, na nauli ya kupeleka watoto mashindanoni huitoa mfukoni. Tunamsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Hapo ndipo tunaporudia kosa la 1866 bila kujua, kwa kuwa tukimtaka mkufunzi afanye kazi bure, tutawapata wale tu wenye uwezo wa kufanya kazi bure, na wao ni wachache. Wengine wenye kipawa watakwenda kutafuta mkate mahali pengine, na watoto watabaki na uwanja ulioinama.

Mtaala mpya wa nchi yetu umeweka sanaa na sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya shule za sekondari ya juu. Kwa karatasi, mtoto wa Roret sasa anaweza kusomea mchezo kama anavyoweza kusomea hesabu. Karatasi hiyo haitakuwa na uzito mpaka kila shule ipate mwalimu aliyefunzwa, aliyeajiriwa na anayelipwa kwa wakati, na uwanja wa kufanyia kazi.

Kwa hiyo maneno yangu ni kwa watu wa nyumbani. Mzazi, usiseme mtoto anapoteza muda akiwa uwanjani. Muulize nani anamfundisha huko, na kama hakuna mtu, liulize hilo kwenye mkutano wa shule. Wakulima, tunapopokea bonasi ya chai, tukubaliane kutenga kidogo kwa ajili ya mkufunzi, kama tunavyochanga kwa harusi na matanga. Serikali ya kaunti, waajirini wakufunzi kabla ya kujenga majukwaa, maana jukwaa bila mkufunzi ni viti vya kuangalia nyasi. Nanyi askari na polisi mliostaafu, mnaoishi kati yetu na filimbi zenu zimetundikwa ukutani, shule iliyo karibu nanyi inawahitaji. Nendeni mkajitambulishe, na sisi tuhakikishe hamwondoki mikono mitupu. Na kama nyumbani kwako kuna mzee aliyefundisha kambini, au watoto wa mzee huyo, kaa naye wiki hii uandike jina lake, kikosi chake na yale aliyofundisha, kabla hatujabaki na wa kuzika tu.